UMENENEPA, UMEPENDEZA! JE, MOYO NAO UNASEMAJE?

  

Leo nataka tuongelee mwili. Najua nagusa pabaya, maana katika jiji hili la Dar es Salaam ukitaka kumfurahisha mtu asubuhi asubuhi, mwambie amenenepa. Ukitaka akununie hadi jioni, mwambie amekonda.

Kijana katoka mkoani, kapanga chumba Mbagala. Miezi sita baadaye mashavu yamejaa, vifungo vya shati vinalia. Tunamwambia, "Mshikaji, jiji limekukubali!" Binti kaolewa mwezi wa nne, kufika Desemba gauni la sendofu halipiti kiunoni. Mashoga zake wanampokea kwa vigelegele, "Ndoa imekukubali, shoga!" Mwanaume naye akiota kitambi tu, tayari ni bosi, hata kama mwenye nyumba anamdai kodi ya miezi mitatu.

Sasa ngoja apungue. Swali ni moja tu mji mzima: "Umekonda, una nini?"

Ninyi mliozaliwa juzi juzi huenda hamjui swali hilo limetoka wapi. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi hapa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya pili, Uganda, watu waliuita ugonjwa ule "slimu", kwa jinsi ulivyokuwa ukimkausha mtu akabaki mifupa. Miaka ya tisini mtu akipungua kilo tatu tu, mtaa ulishamaliza kesi: kakanyaga miwaya. Baadaye dawa za kufubaza virusi zikaja, watu wanazinywa na kunawiri, wanalea watoto na kuona wajukuu. Lakini lile jicho la kumpima mtu kwa mashavu yake tumebaki nalo.

Na jicho hilo, nakwambia, linaweza kuua. Ngoja nikueleze lilivyotaka kumfanya dada yangu.

Dada yangu mkubwa ni bonge la mama. Mcheshi, mpishi hodari, akiingia kwenye shughuli ukumbi mzima unajua ameingia. Ana miaka 41. Mwaka juzi alikwenda zahanati kwa ajili ya jino tu, muuguzi akampima presha kama kawaida yao. Ikasoma 152 kwa 96. Akaambiwa arudi siku nyingine akiwa hajala kitu. Presha ikawa bado iko kule kule, sukari ikasoma 6.4. Uzito kilo 94, urefu sentimita 160, kiuno sentimita 108.

Yeye mwenyewe alikuwa hasikii chochote. Hakuna kichwa kuuma, hakuna moyo kwenda mbio. Anapanda ngazi, anacheza taarabu mpaka usiku wa manane.

Daktari hakumwambia akagombee umiss. Alimwandikia kidonge kimoja cha presha, akamwambia apunguze kilo 5 mpaka 9, apunguze chumvi, atembee kwa miguu kila siku, arudi kila mwezi. Basi.

Dada ni mtu wa kushika neno. Chai ya vijiko vinne vya sukari akaiaga. Chapati mbili na supu ya asubuhi akageuza kiazi kitamu na matunda. Soda akaiacha kwa Jumapili. Ugali akaendelea nao, ila ule mlima ukawa kichuguu, na mboga za majani zikachukua nusu ya sahani. Jioni akawa anashuka kituo kimoja kabla ya kwake, anamalizia kwa miguu. Katika miezi minane akapunguza kilo 9.

Lahaula! Mtaa ukachachamaa.

Mama mkwe alimpigia simu shemeji yangu kumuuliza kama "mwenzako anakula kweli huko". Jirani mmoja alianza kumletea uji. Shoga yake wa siku nyingi akamvuta pembeni, akamnong'oneza jina la mganga wa Bagamoyo. Kwenye kikoba wakaanza kumuuliza kiupole kama angependa kuvuta hisa zake mapema. Wewe fikiria, mtaa ulikuwa umeshamfanyia arobaini akiwa hai!

Dada akayumba. Jioni moja akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, afadhali ninenepe nife na heshima yangu, kuliko kuishi nasemwa hivi."

Hakuwa anatania. Wiki ile soda ikarudi, chipsi mayai ikarudi, kutembea kukafa. Ndani ya wiki tatu kilo mbili zilikuwa zimeshajirudisha zenyewe, na wale wale waliokuwa wakinong'ona wakaanza kumwambia, "Aaa, sasa hivi afadhali, unapendeza."

Ndipo nikamkumbusha habari ya baba.

Baba yetu alikuwa kimbaumbau. Suti yake ya harusi ya mwaka 1978 ilimtosha mpaka siku tunamzika, mwaka 1999, akiwa na miaka 51. Mimi nilikuwa darasa la kwanza. Alianguka asubuhi akifunga kamba za viatu, hakuamka tena. Hospitali walisema ni moyo. Walisema pia kwamba presha na sukari vilikuwa juu sana, na kwa jinsi walivyoona havikuanza jana.

Pale nyumbani hakuna aliyekubali. Moyo? Presha? Mtu mwembamba vile? Si magonjwa ya matajiri wenye vitambi hayo? Basi akatafutwa mchawi, na bahati mbaya alipatikana: mzee wa nyumba ya pili, rafiki wa baba wa kucheza naye bao. Mpaka leo familia hizi mbili hazizikani. Mzee yule naye alishafariki, akiwa na jina lisilo lake.

Kwa hiyo angalia mambo ya nyumba moja. Mwembamba amekufa kwa moyo, tukasema haiwezekani kwa kuwa alikuwa mwembamba. Mnene anatibiwa moyo wake, anataka kuacha kwa kuwa anaonekana mwembamba. Jicho la mtaa limekosea mara mbili, na mara zote mbili halikupima kitu.

Dada alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akanigeuzia kibao. "Sawa, nitarudi kwa daktari. Lakini twende wote, na wewe ukapimwe."

Mimi? Kilo 56, urefu kama wake. Nguo nanunua Kariakoo bila kujaribu. Nikaenda kumridhisha tu.

Presha yangu 138 kwa 88. Sukari kabla ya kula, 5.9. Daktari akachukua futi ya kitambaa, kama ile ya fundi cherehani, akanizungusha tumboni. Sentimita 82.

Akachukua karatasi akaandika mambo matano. Orodha hiyo haikutoka kichwani mwake. Mwaka 2009 mashirika makubwa ya moyo na kisukari duniani yalikaa yakaafikiana juu yake, na mimi nakunakilia hapa ukate ukabandike jikoni.

Kwanza, kiuno. Kwa sisi Waafrika wa kusini mwa Sahara, mwanamke kuanzia sentimita 80, mwanaume kuanzia 94. Namba hizo zimeazimwa kwa Wazungu mpaka za kwetu zipatikane, lakini ndizo zinazotumika.

Pili, presha: namba ya juu ikifika 130 au ya chini ikifika 85, au kama tayari unameza dawa ya presha.

Tatu, sukari kabla ya kula: 5.6 na kuendelea.

Nne, mafuta ya damu yanayoitwa trigliseridi: 1.7 na kuendelea.

Tano, ile kolesteroli nzuri, wenyewe wanaiita HDL. Hii ikiwa chini ndiyo mbaya: chini ya 1.3 kwa mwanamke, chini ya 1.0 kwa mwanaume.

Ukiwa na matatu kati ya hayo matano, yoyote yale, unaingia kwenye kundi wanaloliita sindromu ya metaboliki, yaani mwili umeanza kushindwa kupangilia mafuta na sukari yake. Daktari mmoja wa Marekani, Gerald Reaven, ndiye aliyelipa uzito jambo hili mwaka 1988 alipoonyesha kwamba haya mambo yanatembea pamoja kama genge, na nyuma yake kuna tatizo moja. Yeye aliliita Sindromu X, jina la sinema kabisa.

Haya, nihesabie. Kiuno 82, moja. Presha 138 kwa 88, mbili. Sukari 5.9, tatu. Mimi, kimbaumbau mtoto wa kimbaumbau, nimo kwenye genge. Na ukiniona stendi ya Mwenge utaniambia "wewe huna wasiwasi, mwili wako mzuri".

Sasa hilo tatizo moja lililo nyuma ni lipi? Daktari alinieleza kwa maneno ya vitabu, mimi nitakueleza kwa daladala.

Ukila, sukari inaingia kwenye damu kama abiria waliojaa kituoni. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, ndiye kondakta: anafungua mlango, anawasukuma abiria ndani ya misuli wakafanye kazi. Sasa mafuta yakizidi tumboni, hasa yale ya ndani yanayozunguka ini na utumbo, yanamwagika kwenye damu na kwenye ini, na mlango unaanza kugoma. Kondakta anapiga kelele, anasukuma, mlango unafunguka nusu. Kongosho linaongeza makondakta. Kwa muda mambo yanakwenda, ukipima sukari unaambiwa safi. Lakini kule ndani ni vurugu: ini linamwaga trigliseridi, HDL inashuka, figo zinang'ang'ania chumvi, presha inapanda. Mishipa ya moyo inaanza kuota utando wa mafuta taratibu, kama bomba la maji linavyoota kutu. Siku utando ule ukipasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba. Ndiyo "alianguka tu ghafla" ya kwetu. Ghafla yenye umri wa miaka ishirini.

Umeona basi kwa nini mzani peke yake hautoshi? Mzani unajumlisha mifupa, misuli, maji, mafuta ya mapajani na ya tumboni, unakupa namba moja. Tangu mwaka 1947 daktari Mfaransa aitwaye Jean Vague alishaandika kwamba unene wa tumboni na unene wa makalio na mapaja si ndugu: ule wa tumboni ndio unaoandamana na kisukari na ugonjwa wa moyo. Utafiti uitwao INTERHEART, uliokusanya watu kutoka nchi 52 na Afrika ikiwemo, nao ulikuta kwamba kiuno ukikilinganisha na nyonga kinaeleza zaidi habari ya mshtuko wa moyo kuliko kilo zako na urefu wako. Kwa hiyo dada zangu wenye shepu ya nyuma, msianze kulia. Shughulikieni ya mbele.

Hapo utasikia wenye miili wakisema, "Mimi ni bonge lakini nimepimwa, niko safi, mashine haidanganyi." Kweli, wapo. Lakini swali ni hili: utabaki safi mpaka lini?

Jibu zuri nililowahi kulisoma lilitolewa mwaka 2018. Wauguzi wa kike wa Marekani zaidi ya 90,000 walifuatiliwa tangu mwaka 1980 kwa miaka 30. Wanene waliokuwa safi, yaani hawana presha, hawana kisukari wala kolesteroli, hatari yao ya kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ilikuwa juu kwa asilimia 39 kuliko wembamba waliokuwa safi. Ipo, lakini si ya kutisha sana. Sasa sikiliza hii: wembamba waliokuwa na angalau tatizo moja kati ya hayo, hatari yao ilikuwa karibu mara mbili na nusu. Mwembamba mwenye presha au kisukari alikuwa hatarini kuliko mnene aliye safi! Na mnene mwenye tatizo, zaidi ya mara tatu.

Lakini mnene usishangilie. Wale wale wauguzi wanene waliokuwa safi, baada ya miaka 20, 84 kati ya kila 100 hawakuwa safi tena. Presha, au kisukari, au kolesteroli ilikuwa imeshawapata. Na wembamba je? Nao 68 kati ya 100. Usafi ule ni kituo cha basi, watu wengi wanapita tu. Mnene anapita upesi zaidi, mwembamba naye yumo njiani.

Hilo ndilo lililonikaa kichwani. Kipimo cha mwaka jana ni cha mwaka jana. Mwili unahama.

Na kwetu mjini unahama haraka. Tena hapa hapa Tanzania limepimwa. Watafiti waliwafuata watu zaidi ya 200 waliokuwa wakihama vijiji vya mkoa wa Morogoro kuja Dar es Salaam, wakawapima kabla ya kuondoka na baada ya kukaa mjini. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Ndani ya mwaka mmoja tu, wanaume kwa wanawake, wastani waliongezeka kilo 2 na ushee. Kule kijijini karibu wanaume 8 kati ya 10 walikuwa wakifanya shughuli za kutoa jasho jingi. Mjini wakabaki robo tu. Si kila kitu kiliharibika, maana hata matunda na mboga walikula zaidi. Ila kilo mbili kwa mwaka, ukizidisha kwa miaka kumi ya kuhangaika na mji, unajua zinafika wapi. Ndiyo lile "jiji limekukubali" tunalolishangilia.

Na tazama maisha yenyewe. Kutoka nyumbani mpaka barabarani bodaboda. Kutoka barabarani mwendokasi. Ofisini kiti. Mchana wali wa kujaza, jioni chipsi mayai na soda baridi, wikiendi nyama choma na bia nne tano. Usiku simu mkononi mpaka saa nane. Hakuna mtu aliyetufundisha kuugua, tumepangiwa ratiba tu.

"Basi nipe dawa nikonde haraka!" Haya, tulia kwanza.

Vidonge, chai na kahawa za kukondesha zinazouzwa mitandaoni na mabarabarani zenye ahadi ya kilo 10 kwa wiki mbili, naomba uziogope kama umeme. Kuna dawa inaitwa sibutramine. Ilikuwa ikiuzwa kihalali kwa ajili ya unene, mpaka mwaka 2010 ilipoondolewa sokoni Ulaya na Marekani. Sababu? Iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa watu wenye ugonjwa wa moyo. Mtu anakwenda kuokoa moyo, anauchoma kisu. Na mamlaka za dawa za Marekani zimeikuta mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa zinazojiita za "majani asilia", bila kuandikwa kwenye pakiti.

Zipo pia zile sindano mpya mnazoziona kwenye simu. Hizo nazo zina habari yake. Mwaka 2023 utafiti wa watu 17,604 wenye uzito mkubwa na ugonjwa wa moyo tayari, wasio na kisukari, ulionyesha kwamba semaglutide ilipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 20. Si mchezo. Lakini ni dawa ya kuandikiwa na daktari anayekufuatilia, kwa mtu anayeihitaji. Siyo ya kuagizwa na shoga yako ili gauni la harusi likae vizuri.

Na kukonda na kunenepa, kukonda na kunenepa, kama mpira wa kitenesi, nako si salama. Mwaka 2017 watafiti walipochambua wagonjwa wa moyo zaidi ya 9,500, wale ambao uzito wao ulipanda na kushuka sana ndio waliopata matatizo mengi zaidi ya moyo na vifo vingi zaidi. Hatuwezi kusema ni kupanda na kushuka kulikowaua, pengine wengine walishakuwa wagonjwa zaidi, lakini ni onyo tosha kwetu wapenda mfungo wa kushtukiza kabla ya sherehe.

Niseme na ukweli wa upande mwingine, nisije nikaonekana muuza ndoto. Marekani walifanya jaribio kubwa tangu mwaka 2001 kwa wenye kisukari 5,145. Nusu walisimamiwa kikamilifu chakula na mazoezi, wakapungua. Mwaka 2012 likasitishwa, kwa sababu kwa jumla mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua kuliko kwa wenzao. Ila sukari na presha vilikaa vizuri zaidi, dawa zikapungua, na baadaye walipochambua tena, wale waliopunguza angalau sehemu moja ya kumi ya uzito wao katika mwaka wa kwanza walionekana kuwa na nafuu ya moyo. Ninachojifunza pale ni kwamba ukishakuwa na kisukari, kilo peke yake hazitoshi. Afadhali kuanza mapema, kabla mishipa haijaota kutu, na presha na kolesteroli vitibiwe hivyo hivyo wakati kilo zinashughulikiwa.

Kuanza mapema kunalipa kweli. Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba watu wenye sukari ya kuelekea kisukari, walipolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 80 ni kilo tano na nusu! Wala hutahitaji kubadilisha kitambulisho. Na kwa presha, hesabu ya jumla ni kwamba kila kilo moja unayopunguza inashusha namba ya juu kama pointi moja.

Dada yangu leo ana kilo 85. Kwa mzani bado ni bonge, na kwa jedwali la daktari bado yumo kwenye safu ya unene uliokithiri. Lakini kiuno kimetoka 108 kikaja 98. Presha 132 kwa 82, kidonge kimesaidia, simnyimi haki yake. Sukari 5.4. Daktari alimwambia kwamba wanaomwona barabarani wanaona kilo 9 tu, wakati moyo wake umeona zaidi ya hizo.

Mtaa ulinyamazaje? Aliwanyamazisha mwenyewe. Siku ya kikoba alibeba kile kikaratasi cha zahanati, akakisoma namba kwa namba mbele ya wote, akaitoa futi ya fundi kwenye pochi, akasema, "Haya, nani anataka kujua yeye ana nini?" Wakacheka, kisha mmoja akasimama akapimwa, wakafuatia wengine. Wanne siku iliyofuata walikwenda kupima presha. Mmoja wao, mwembamba kuliko wote, aliandikiwa dawa siku hiyo hiyo.

Na mimi? Kwangu hakuna cha kupunguza kwenye mzani. Daktari aliniambia nijenge misuli na kuondoa tumbo. Natembea, nanyanyua ndoo za maji kwa makusudi, soda nimeiacha, chumvi ya mezani nimeificha. Kilo ni zile zile 56. Kiuno kimeshuka hadi 78, sukari 5.3. Presha 128 kwa 82, naendelea kuifuatilia, maana damu ya baba ninayo.

Sasa na wewe, mpenzi msomaji. Kabla ya kugeuza ukurasa, tafuta futi. Simama wima, toa pumzi kidogo, izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kama huna jedwali, kumbuka hili moja: kiuno chako kisizidi nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 170, mwisho 85. Halafu nenda kapime presha na sukari, hata kama una miaka 25, hata kama ni mwembamba kama uzi. Ikiwezekana pima na mafuta ya damu. Andika tarehe, urudie mwakani. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti. Sigara acha kabisa, hiyo haina mjadala.

Tangu mwaka 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, ambako mioyo inafanyiwa upasuaji ambao zamani ulimpeleka mtu India. Tushukuru. Lakini futi ya fundi ni bei rahisi kuliko kitanda cha pale.

Na ombi langu la mwisho ni kwa midomo yetu. Ukikutana na mtu amepungua, muulize habari za nyumbani. Ukimkuta amenenepa, muulize habari za kazi. Mwili wake mwachie yeye na daktari wake. Huwezi kujua ni neno lako lipi litamrudisha kwenye soda.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Alamsiki!